Shajara ya mradi: Noah ya Mbeya, krosova pasivu kwanza, aktivu baadaye

Jumatatu: gari, vifaa na umeme

Gari ni Toyota Noah, usukani kulia, linazunguka kati ya Mbeya mjini na Tukuyu. Redio iliyokuja nalo kutoka Japani iliondolewa kwa sababu inayojulikana na kila mwenye gari la mtumba: FM yake inaishia 90 MHz, vituo vingi vya hapa havishiki. Iliyopo sasa ina jozi tatu za RCA, soketi za kupeleka mawimbi kwenye amplifaya (mbele, nyuma, sabufa), na hiyo inatosha.

Vifaa: spika mbili za mlango za inchi 6.5, ohm 4. Twita mbili za kuba la kitambaa, ohm 4, mlio wao wa asili (masafa ambayo zinajitikisa zenyewe) ni 1.4 kHz, sabufa moja ya inchi 10 kwenye boksi lililozibwa, amplifaya ya chaneli nne, wati 75 kila chaneli kwa ohm 4, amplifaya ya besi ya wati 300, na kichakataji cha sauti, DSP, chenye njia sita za kutokea.

Mpango ni kufunga krosova, kigawanyo kinachopeleka sauti nyembamba kwa twita na nzito kwa spika ya mlango. Kwanza pasivu ya kuviringishwa hapa hapa, kuipima, kisha kuitoa na kufunga aktivu kwa spika zile zile na amplifaya ile ile. Bila hivyo ulinganisho hauna maana, maana wengi wanaosema aktivu imewashangaza walibadilisha na spika siku hiyo hiyo.

Kwa wasiozijua: krosova pasivu inakaa kati ya amplifaya na spika, inagawa umeme mkubwa kwa koili na kapasita. Aktivu inakaa kabla ya amplifaya, inagawa mawimbi madogo ya RCA, na kila spika inadai chaneli yake. Twita mbili na spika mbili za mlango ni chaneli mbili kwa pasivu, nne kwa aktivu.

Umeme. Chaneli nne za wati 75 kwa amplifaya ya aina ya AB, ufanisi ukiwa kama 55%, zinavuta karibu ampea 40 zikisukumwa hadi mwisho. Ya besi ni ya aina ya D, wati 300 kwa ufanisi wa 80%, karibu ampea 27. Jumla 67. Muziki wa kawaida hauvuti hivyo muda wote, lakini waya unahesabiwa kwa kilele. Mita 5 za shaba ya mm² 25 zinapoteza volti 0.23 kwa ampea 67; mm² 10 zinapoteza karibu 0.6. Tumetumia waya wa mashine ya kuchomelea kutoka duka la hadiwea: ni shaba tupu, unapindika vizuri, na bei yake haina nakshi za dukani. Nyaya nyingi zenye ganda linalong'aa ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukitoa weupe ndani jua ukinzani wake ni kama mara 1.6 ya shaba. Fyuzi ni ya ampea 80, ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Ikikaa mbali zaidi, kipande cha waya kabla yake hakina mlinzi, na gari huungua hapo.

Jumatano: hesabu na kuviringisha koili

Tumechagua kukata kwenye 3.5 kHz, mteremko wa dB 12 kwa oktavu (yaani dB 12 kila masafa yanapobadilika maradufu), kichujio cha aina ya Butterworth. Sababu ya namba hiyo ni twita: pasivu ya mteremko wa polepole haifai kushuka chini ya mara mbili ya mlio wake wa asili, na hapa mara mbili ni 2.8 kHz. 3.5 inaacha nafasi.

Kapasita ni 0.1125 gawanya kwa ohm mara Hz: kwa ohm 4 inatoka µF 8.0. Koili ni 0.2251 mara ohm, gawanya kwa Hz: mH 0.26. Thamani hizo zinatumika pande zote mbili. Kwa twita kapasita inatangulia kwenye mstari na koili inakaa sambamba na twita. Kwa spika ya mlango ni kinyume chake. Kapasita ni za filamu za 8.2, volti 100. Kapasita ya kawaida ya elektroliti yenye alama ya hasi isiwekwe hapa kabisa, umeme wa spika unageuka pande zote na ile itavimba. Dharura ikibana, mbili za µF 22 zinaunganishwa mfululizo, hasi kwa hasi, zinatoa µF 11 isiyo na upande. Hiyo inatosha kwa twita ya mteremko wa dB 6 kwenye 3.5 kHz, inayotaka 11.4.

Waya wa koili umetoka kwa mafundi wanaoviringisha mota: shaba yenye vanishi, kipenyo mm 1. Kigogo ni bomba la plastiki la kipenyo mm 25, upana wa kuviringishia mm 20, kuta za plaiwudi. Mizunguko 106, tabaka sita, waya kama mita 10.5. Ukinzani kwenye mita unasoma karibu ohm 0.23, ambao hauumizi. Kila tabaka likandamizwe na kupakwa gundi ya epoksi, la sivyo koili yenyewe italia. Vanishi kwenye ncha ikwanguliwe hadi shaba ing'ae kabla ya kuunga kwa risasi. Ukiruka hatua hii risasi inakaa juu kama imeshika, kumbe haijashika.

Kuhakiki bila mita ya koili: unganisha koili na kapasita ya 8.2 mfululizo, tanguliza rezista ya ohm 10, pitisha toni kutoka kwenye amplifaya kwa sauti ndogo, na tafuta masafa ambapo volti juu ya koili na kapasita kwa pamoja inaanguka chini kabisa. Inatakiwa iwe karibu 3.45 kHz. Ikianguka juu ya hapo, ongeza mizunguko. Mita ya bei ndogo haisomi volti za masafa hayo kwa usahihi, lakini hapa tunatafuta bonde tu, namba yenyewe haina kazi.

Sasa penye uongo. Spika ya "ohm 4" si ohm 4 kwenye 3.5 kHz. Mita inasoma ohm 3.4 za waya wake, na koili yake ya ndani ni mH 0.35 kwa karatasi ya mtengenezaji. Kwa hesabu, kwenye 3.5 kHz mzigo unafika zaidi ya ohm 8. Koili iliyopigiwa hesabu ya ohm 4 haikati inavyotakiwa, spika ya mlango inaendelea kupiga juu, na twita inaingilia juu yake. Ndiyo maana tumeweka saketi ya Zobel, inayosawazisha mzigo huo, sambamba na spika: rezista mbili za ohm 8.2, wati 10, zikiwa sambamba (ohm 4.1), mfululizo na kapasita ya µF 22. Kanuni ni rezista mara 1.25 ya ohm za waya, na kapasita ni koili ya spika gawanya kwa rezista iliyozidishwa kwa yenyewe.

Kwa nguvu ile ile, twita inatoa sauti ya dB 92, spika ya mlango 89. Tofauti ya dB 3 inakatwa na rezista mbili: ohm 1.2 kwenye mstari, ohm 10 sambamba na twita, zote za wati 10. Zikiwekwa pamoja krosova bado inaona ohm 4. Anayeweka moja tu ya mstari anahamisha na mahali pa kukatia.

Kwenye ubao, koili mbili zimewekwa zikipishana nyuzi 90, sentimita 8 au zaidi kati yao, na zimeshikiliwa kwa vifungo vya plastiki. Bolti ya chuma katikati ya koili inabadilisha thamani yake. Ubao umefungwa chini ya dashibodi. Ndani ya mlango hapafai: maji ya mvua hushuka ndani ya kila mlango wa gari, na kwa mvua za Tukuyu miguu ya kapasita haichukui muda kuota ukungu wa kijani.

Ijumaa: kufunga na kupima pasivu

Pete za spika ni plaiwudi ya mm 12 iliyopakwa rangi ya mafuta pande zote, ukingo wa tundu pia. Mbao ya unga uliobanwa inavimba kama mkate kwenye chai. Matundu makubwa ya bati la ndani la mlango yamezibwa kwa karatasi ya lami ya kuzibia mapaa. Matundu madogo ya kutolea maji chini ya mlango yameachwa wazi.

Besi haikuguswa na pasivu hata kidogo. Ukitaka kukata 80 Hz kwa koili na kapasita kwenye ohm 4, hata kwa mteremko wa dB 6 tu, unahitaji mH 8 na karibu µF 500. Koili kama hiyo kwa waya wa mm 1 ina ukinzani zaidi ya ohm 1, na kwa ohm 1 tu spika inapata 64% ya nguvu ambayo ingepata. Kwa hiyo hata gari tunaloliita la pasivu, huko chini ni aktivu tayari: redio au amplifaya ndiyo inayokata.

Hapo kuna kosa linalorudi kila mara kwenye magari yanayoletwa kurekebishwa. Redio imewekwa ikate 80 Hz, na amplifaya nayo swichi iko HPF 80, inayopitisha juu ya 80 Hz tu. Vichujio viwili vinapandana, 80 Hz inashuka dB 6 badala ya 3, besi ya mlangoni inakonda, mwenye gari anaongeza sabufa, na sauti yote inahamia nyuma. Chuja mahali pamoja. Kwingine swichi iwe FULL, ipitishe masafa yote.

Vipimo vimefanywa kwa programu ya kupima sauti ya REW na maikrofoni ya vipimo ya UMIK-1 kwenye kichwa cha siti ya dereva. Upande wa kulia mstari wa grafu umenyooka kwa kuridhisha. Kushoto kuna shimo la zaidi ya dB 10 kuzunguka 3.4 kHz.

Hesabu inalieleza. Kulia, twita iko sm 88 kutoka sikioni na spika ya mlango sm 96: tofauti sm 8. Kushoto ni sm 132 na sm 146: tofauti sm 14. Wimbi la 3.5 kHz lina urefu wa sm 9.7, na wimbi zima ni nyuzi 360. Kulia, tofauti ni nyuzi 63 tu pungufu ya wimbi zima. Kushoto ni wimbi moja na nyuzi 159, karibu kabisa na 180, ambapo mawimbi mawili yanapingana na kufutana. Na hii ni baada ya kugeuza chanya na hasi za twita zote mbili, kama mteremko wa dB 12 unavyodai.

Tuligeuza twita ya kushoto peke yake. Shimo limeziba. Lakini sasa juu ya krosova twita mbili zinavutana kinyume, na sauti ya mwimbaji ambayo ilikuwa inaelekea katikati ya kioo imetawanyika, haishikiki ilipo. Tumeirudisha. Hakuna ubao mmoja wa pasivu unaoweza kutibu pande mbili zenye umbali tofauti, na kuchelewesha chaneli hakusaidii, kwa kuwa twita na spika ya mlango zinatoka chaneli moja na zinacheleweshwa pamoja.

Kabla ya kuutoa ubao, majaribio mawili ya makosa ya mtaani. La kwanza: twita mbili sambamba kwenye kapasita moja ya 11.4. Mzigo unakuwa ohm 2, mahali pa kukatia panapanda hadi 7 kHz, na kati ya 3.5 na 7 panabaki na upungufu. La pili, baya zaidi: twita ya ohm 8 iliyotolewa kwenye spika ya nyumbani, kapasita ile ile. Mahali pa kukatia panashuka hadi 1.75 kHz, twita inalishwa karibu na mlio wake wa asili, na inaungua mwenye gari akiwa anafurahia sauti imejaa. Pasivu imefungwa na mzigo wake. Ukibadilisha spika, umebadilisha krosova.

Jumatatu: aktivu

Ubao umetolewa, nyaya nne mpya zimepitishwa, kila spika na chaneli yake. Twita zimebakiziwa kapasita moja kila moja, µF 47 isiyo na upande. Kwa ohm 4 inakata karibu 850 Hz, mbali chini ya kazi, lakini inazuia kishindo cha kuwasha na umeme wa moja kwa moja amplifaya ikifa vibaya. Wapo wanaoiona uchafu kwenye saketi. Kwenye 3.5 kHz inageuza fezi (mpangilio wa wimbi kwa muda) nyuzi 14 tu, na DSP inaweza kulipa hilo. Twita mpya hailipwi na DSP.

Geini, yaani kiasi amplifaya inavyokuza mawimbi. Spika zote zichomolewe kwanza. Vichujio vya DSP vizimwe kwa muda, toni ya 100 Hz ya 0 dB (kilele cha rekodi) ichezwe, redio iwe kwenye robo tatu ya sauti. 100 Hz kwa sababu mita nyingi za bei ya kawaida zinasoma sahihi hadi kama 400 Hz. Ukizipa 5 kHz zinadanganya. Wati 75 kwa ohm 4 ni volti 17.3, hapo ndipo chaneli za milango zimesimama. Ya besi, wati 300 kwa ohm 4, ni volti 34.6. Za twita tumeziacha kwenye volti 10, yaani wati 25.

Kisha vichujio virudishwe, na kila chaneli ikaguliwe kwenye skrini kabla ya kuchomeka twita. Kila chaneli, si moja na kudhani nyingine imefuata. Twita inayopokea masafa yote kwa sauti kubwa inakufa papo hapo.

Vichujio ni Linkwitz-Riley wa dB 24 kwa oktavu, muundo uliotokana na kazi ya Siegfried Linkwitz na Russ Riley, uliochapishwa 1976. Uzuri wake ni kwamba pande mbili zinakutana zote zikiwa chini dB 6, fezi moja, na jumla inanyooka bila kugeuza nyaya. Mteremko ukiwa mkali hivyo, twita inaweza kushuka hadi 2.8 kHz bila kuteseka. Tumeshuka. Spika ya mlango yenye koni ya kama sm 13 inaanza kubana mtawanyiko wa sauti kuanzia karibu 2.6 kHz, na iko chini miguuni ikitazama siti. Kadiri twita inavyoichukua mapema ndivyo sauti inavyopanda juu ya dashibodi. Kuhamisha 3.5 kwenda 2.8 kwenye DSP ni kubonyeza. Kwenye pasivu ni koili nne mpya na kapasita nne mpya.

Muda. Mbeya asubuhi yenye nyuzi 15 sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde, sm 34 kwa milisekunde. Kinachobadilisha mwendo huo ni joto; mwinuko wa mji, karibu mita 1,700, hauhusiki. Kilicho mbali zaidi ni sabufa, sm 195, haicheleweshwi. Spika ya mlango kushoto ms 1.44, twita ya kushoto 1.85, spika ya mlango kulia 2.91, twita ya kulia 3.15. Namba hizi ni mwanzo. Twita ziliguswa tena kwa kugeuza moja kimakusudi na kutafuta muda unaotoa shimo la ndani kabisa kwenye 2.8 kHz, likipatikana, irudishwe kawaida na zinajumlika vizuri.

Kipimo: shimo la kushoto limeondoka, twita zote mbili zikiwa zimeunganishwa sawa, na mwimbaji yuko katikati ya kioo. Siti ya abiria imeharibika kwa kiasi hicho hicho, na hakuna namna. Mwenye Noah anayebeba familia aambiwe hili kabla hajalipa. DSP inahifadhi mipangilio zaidi ya mmoja, kwa hiyo wa pili tumeuweka bila kuchelewesha.

Jumatano: kelele

Hapa ndipo pasivu ilikuwa inatulinda kimyakimya. Zile rezista za kukata dB 3 zilikuwa zinakata na mchuruziko wa amplifaya. Sasa twita imeunganishwa moja kwa moja, na injini ikizimwa unasikia "shhh". Geini ya volti 10 imeupunguza sana; kilichobaki kimeondoka kwa kupandisha sauti ya DSP na kushusha amplifaya zaidi kidogo. Mawimbi yawe makubwa mapema, geini iwe ndogo mwishoni.

Mlio unaopanda ukikanyaga mafuta ulikuwa wa athi, waya wa hasi kwenye bati la gari. DSP ilikuwa na athi yake nyuma ya redio, amplifaya nazo athi zao kwenye sakafu ya nyuma. Zote zimeletwa pointi moja, rangi imekwanguliwa hadi bati, bolti yenye washa ya meno, na grisi juu yake dhidi ya kutu. Nyaya za RCA zinapita kushoto mwa gari, waya wa umeme kulia.

Barabarani

Gari limepandishwa Mlima Nyoka na kupelekwa hadi Tukuyu. Volti kwenye amplifaya haikushuka chini ya 13.6 injini ikiwa juu. Kelele za matairi zinafunika 100 hadi 300 Hz, kwa hiyo milango imeongezwa dB 2 kwenye mpangilio wa safari. Asubuhi ya baridi ya Juni sabufa inasikika ngumu kwa dakika za mwanzo. Ukingo wa koni haujalegea. Usipime wala usirekebishe hapo.

Maoni yetu baada ya kuzisikia zote mbili. Wanaosema aktivu ni safi zaidi kwa asili yake wanazidisha. Upande wa kulia, ambako umbali ulikubali, pasivu yenye Zobel haikuachwa mbali. Kilichoongezeka ni kuchelewesha kila spika peke yake, kuhamisha mahali pa kukatia, na kutojali spika ina ohm ngapi kwenye masafa gani. Mwenye amplifaya ya chaneli mbili asiuziwe DSP kabla hajapigiwa hesabu ya pasivu vizuri. Na mwenye redio yenye kazi hiyo ndani, kama Pioneer DEH-80PRS yenye swichi ya STD/NW (STD ni kawaida, NW ni krosova aktivu), anaweza kufika karibu na hapa bila DSP, mradi ana chaneli za kutosha.

Yaliyobaki: kifuniko cha plastiki juu ya migongo ya spika za milango kabla ya mvua za Novemba, kukaza upya bolti ya athi na vituo vya betri, na kupima tena kushoto pamoja na abiria amekaa, kwa sababu mwili wa mtu unabadilisha kinachosomwa pale. Ubao wa pasivu umewekwa kwenye mfuko chini ya siti ya nyuma, waya zake zimeandikwa. DSP ikifa njiani, krosova hiyo inarudi kwenye chaneli mbili na gari linaendelea kupiga.